Kumfikishia Mfungaji Mpira

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale ambao kengele ya saa kumi ikilia hukimbilia uwanjani kabla vumbi la waliotangulia halijatua. Au huenda ni mmoja wa wale wanaokaa chini ya mti wakawacheka wanaokimbia. Vyovyote ulivyo, nakuomba unifuate mpaka uwanja mmoja wa netiboli ulio chini ya milima ya Taita, mahali ambapo ardhi ni nyekundu, upepo wa alasiri hauna adabu, na pete za magoli zilikunjwa na fundi wa vyuma kutokana na nondo iliyosalia katika ujenzi. Nataka kukueleza jambo dogo: namna mpira unavyotoka katika mikono ya mchezaji mmoja ukafika salama katika mikono ya mfungaji. Ni dogo hakika. Lakini kwa kutolijua nilimdhulumu mtoto wa watu, na kwa kuwa dhuluma ile niliifanya hadharani, si vibaya nikiisimulia hadharani.

Kwanza sharti nikukumbushe mchezo wenyewe, maana wako wengi, hasa wavulana, wanaoutazama bila ya kuuona. Netiboli, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita pia mpira wa pete, ni mtoto wa mpira wa kikapu. Mwaka 1891 James Naismith, mwalimu katika mji wa Springfield huko Marekani, alitundika vikapu vya matunda ukumbini ili wanafunzi wake wapate mchezo wa ndani wakati wa baridi. Mchezo ule ulipovuka bahari ukafika Uingereza, wanawake waliuchukua wakaugeuza, na kanuni zao zilipigwa chapa mwaka 1901. Kikapu kiligeuka pete, na kukimbia huku ukiudunda mpira hakuruhusiwi. Tafakari sana kanuni hii ya pili. Mchezaji wa netiboli akiupokea mpira ni kama aliyefungwa miguu: aweza kuzunguka juu ya mguu uliotua kwanza, lakini akiuinua mguu ule, hana ruhusa ya kuurudisha chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Tena hana zaidi ya sekunde 3 za kukaa nao.

Uwanja una urefu wa mita 30.5, umegawanywa mafungu 3, wala mpira haukubaliwi kurushwa ukavuka fungu zima pasipo mtu kuugusa ndani yake. Katika wachezaji 7 wa kila upande, ni 2 tu walio na haki ya kufunga, nao hawafungi illa wakiwa ndani ya nusu duara iliyochorwa mita 4.9 kutoka kwenye nguzo. Winga na mchezaji wa katikati, ambao ndio wachukuzi wakubwa wa mpira, hawaruhusiwi kuukanyaga hata mstari wa nusu duara ile. Basi pima mwenyewe: hakuna kukimbia na mpira, hakuna kukaa nao, na wanaouleta hawaingii mahali pa kufungia. Mpira hauna njia ya kuiendea pete, iliyo juu mita 3.05, illa njia ya hewani, toka mkono hata mkono; na ile pasi ya mwisho inayovuka mstari wa nusu duara ndiyo mlango wa nyumba nzima.

Haya yote niliyajua. Nilicheza winga nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, nikajihesabu kuwa mjuzi. Kwa hiyo mwaka 2023 nilipokabidhiwa timu ya wasichana wa miaka 12 hata 14, nilipokea kazi ile kwa furaha na kiburi kidogo. Mfungaji wetu alikuwa msichana mrefu kuliko wote, mpole, mwenye mikono mirefu na sauti ndogo. Alitembea karibu saa nzima kila asubuhi kutoka kwao, ng'ambo ya mashamba ya mkonge, wala sikupata kumwona akichelewa. Akiachwa peke yake mbele ya pete na mpira mkononi, hufunga mara 8 katika 10. Lakini siku ya mchezo mikono ile ile ilikuwa kama si yake. Mpira ulimgonga kifuani ukaruka. Ulimpita juu ya bega. Ulimponyoka vidoleni ukaokotwa na mlinzi. Wenzake walimpa jina la Chujio, kwa kuwa, walisema, kila kilichotiwa kwake kilipita. Nilisikia jina lile nikanyamaza, na mwalimu akinyamaza, watoto husikia kwamba amekubali.

Siku moja tulicheza nyumbani na shule ya jirani, tukawa nyuma kwa mabao 6 wakati wa mapumziko. Niliwakusanya wasichana wangu chini ya mwarobaini, na mbele yao wote nikamwuliza yule mtoto, "Wenzako wamekuletea mpira mara ngapi leo? Mikono yako ina nini?" Hakujibu. Nilimwamuru akivue kile kitambaa cha kifuani chenye herufi GS, ampe mwingine. Alikivua, akakikunja mara mbili, akaniletea kwa mikono miwili, kama anayerudisha chombo cha jirani, akasema, "Samahani, Mwalimu." Tulishindwa vile vile. Kesho yake hakuja mazoezini, wala kesho kutwa, wala wiki ile nzima, ingawa darasani alikuwapo kila siku, ameinamia daftari lake.

Siku ya Ijumaa, watoto walipokuwa wakitoka, nilisikia hodi mlangoni pa chumba cha walimu. Alikuwa ni bibi mzee, kanga mbili, kikapu cha mkonge begani.

"Shikamoo, nyanya," nikamwambia, nikampa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni nyanya yake yule msichana mrefu. Sikuja kugomba."

"Karibu, nyanya."

"Mjukuu wangu ananiuliza kila usiku kama mikono yake ni mizima. Nimeitazama kwa taa, nimeitazama kwa jua. Mikono hiyo hunitekea maji, hunisukia mkonge, na tangu anizoee hajanivunjia chombo. Mimi sioni kasoro. Lakini mimi sikusoma, nawe ni mwalimu. Nimekuja kukuuliza, wewe umeona nini?"

Msomaji, nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na wazazi, na wanafunzi wajanja. Sijaulizwa swali lililoniacha mtupu kama lile. Nilimwambia kwamba mikono ya mjukuu wake haina kasoro. Akaniuliza, kwa upole ule ule, "Basi mbona ulimwambia ina?" Nikamwomba anipe siku chache.

Niliomba siku chache kwa sababu sikuwa na jibu, na nilitaka kulitafuta kwa macho, si kwa fikira. Wiki iliyofuata tulikuwa na mchezo mwingine. Sikusimama pembeni nikipiga kelele za "Rusha! Rusha!" kama ilivyokuwa desturi yangu, desturi ambayo walimu wengi tunayo na ambayo, naona sasa, haijapata kumsaidia mtoto yeyote kurusha vizuri. Niliketi nyuma ya nguzo na daftari na kalamu ya risasi. Kila mpira uliovuka mstari wa nusu duara niliuandika: umefika wapi? Chini ya kiuno? Nyuma ya kichwa? Mikononi mwa mlinzi? Au mahali ambapo mfungaji angeweza kuudaka bila ya kuinama, wala kujinyonga, wala kupigana? Katika robo ya kwanza niliandika mipira 14, na iliyofika mahali pema ilikuwa 4. Mfungaji siku ile alikuwa yule wa badala, msichana hodari mwenye mikono myepesi, naye aliipoteza kama alivyoipoteza mwenzake. Nilipofika nyumbani nililitazama daftari lile kwa muda mrefu. Nilimkumbuka mfungaji wetu wa chuoni, ambaye mimi na wenzangu tulimsema sana vyumbani usiku baada ya kila mchezo. Nilijiuliza ni mipira yangu mingapi iliyomfikia magotini.

Kwa nini watoto wale walirusha vibaya? Hawakuwa wavivu, wala hawakumchukia mwenzao. Nilipata sababu kwa kuwatazama wakicheza wakati wa mapumziko ya asubuhi, si netiboli, bali kati. Wewe waujua mchezo wa kati, na kama wewe ni msichana umeucheza mpaka ukaitwa mara tatu kula. Mmoja husimama pande hii, mmoja pande ile, na katikati yao husimama mwenzao. Wale wa pembeni humrushia mpira mdogo wa matambara wampige, naye huruka na kukwepa. (Sisi tuliusokota mpira ule kwa mifuko ya plastiki, tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku mwaka 2017, soksi za ndugu wa kiume hazina usalama tena.) Mkono uliolelewa na kati umejua mambo mawili barabara: kurusha kwa nguvu, na kuulenga mwili wa mtu. Wasichana wangu walianza mchezo ule tangu miaka 5 au 6; mimi niliwapa mpira wa netiboli, wenye uzito wa gramu 400 na zaidi, mwaka ule tu. Ilikuwa ajabu gani mkono ukimfuata mwalimu wake wa kwanza? Walikuwa hawampi mwenzao mpira. Walikuwa wakimpiga nao.

Jambo la pili nililiona kwa bahati. Shuleni petu mafundi walikuwa wakijenga darasa jipya. Mmoja alisimama chini penye rundo la matofali, na mwenziwe alikuwa juu ya jukwaa la miti, na yule wa chini alimrushia yule wa juu tofali moja moja. Niliwaita wasichana wangu tukasimama kando, mbali na hatari. Tofali lilipanda, likapunguza mwendo, na lilipofika kwenye kiganja cha yule wa juu lilikuwa limesimama kabisa, kama lililochoka kupanda na bado halijaamua kushuka. Aliokota tu hewani, kama mtu anayechukua kikombe mezani. Nilimwuliza yule wa chini hulenga nini.

"Mkono, Mwalimu," akasema. "Nikimlenga yeye nitamvunja meno. Nautazama mkono kwanza, ndipo tofali linatoka."

"Na yeye?"

"Yeye kazi yake ni kuuweka mkono nipate kuuona. Akiuficha, simrushii."

Winga wetu, msichana mdogo mwepesi kama ndege, ambaye ndiye aliyelibuni lile jina la Chujio, alicheka kwa sauti aliposikia habari ya meno. Kisha nikamwona ananyamaza.

Jumamosi ile nilikwenda kwa yule bibi. Nilimkuta akisuka, na mjukuu wake akipepeta mahindi. Nilisema mbele ya wote wawili kwamba nimehesabu, na kwamba mipira haikuwa ikimfikia, na kwamba nilimlaumu bila ya kutazama, tena mbele ya watu. Ni vigumu mtu mzima kumwambia mtoto maneno hayo. Ulimi huwa mzito na mtu hutamani kuongeza "lakini". Nilijitahidi nisiiongeze. Bibi akasema, "Basi, yamekwisha," akaniletea uji. Mtoto hakusema neno. Lakini nilipoaga nikaeleza kwamba natafuta kamba ya kufanyia kitanzi cha mazoezi, ndiye aliyekwenda ndani akatoka na kamba ya mkonge, mpya, iliyosukwa na nyanya yake.

Kitanzi kile kilikuwa kipana kama ungo. Tulikifunga kwenye tawi la mwarobaini, kimo cha mfungaji aliyenyosha mkono juu, na shubiri moja zaidi. Sheria yetu ilikuwa moja: mpira uingie ukiwa unashuka, si ukiwa unapanda. Mrushaji husimama hatua 5 mbali, nyuma ya mstari niliouchora kwa majivu, na mbele yake, kwa umbali wa mita 0.9 ambao ndio kanuni, husimama mlinzi ameinua mikono. Siku ya kwanza watoto 9 walirusha kila mmoja mara 10, na walioingiza zaidi ya mara moja walikuwa 2. Mpira uliruka juu ya tawi, ukapiga shina, ukamwangukia mbuzi wa mlinzi wa shule. Mkono wa kati ulikuwa ukifanya kazi yake. Ilinibidi kuwafundisha upya kana kwamba hawajapata kushika mpira: vidole vitandwe nyuma ya mpira, si ubavuni, mguu mmoja uende mbele, ule ulio kinyume cha mkono unaorusha, magoti yakunjwe kidogo, kwa maana nguvu ya pasi ya juu hutoka miguuni kuliko begani, na vidole vimalize kwa kuelekea mahali mpira unapokwenda. Kisha waliongezewa jambo lililowaudhi sana. Nyuma ya kitanzi alisimama mwenzao akionyesha vidole, na mrushaji alipaswa kuitaja idadi ya vidole vile alipokuwa akitua na mpira, kabla ya kurusha. Kwa maana sekunde 3 si kidogo kwa aliyekwisha kuona. Ni kidogo kwa yule anayedaka kwanza, akageuka, ndipo akaanza kutafuta. Watoto wangu walikuwa wakizimaliza sekunde 2 katika kutafuta, na ile 1 iliyobaki katika hofu.

Hapa natamani kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu wa kazi. Zipo pasi nyingi. Ya kifua ni ya haraka, nayo humfaa mfungaji anayekimbia kuja mbele. Ya bega ni ya mbali. Ya kudunda hupita chini ya mikono ya mlinzi mrefu, lakini katika uwanja wetu wenye changarawe hudunda inakopenda yenyewe, nami niliikataza mpaka mvua zinyeshe. Ya juu ndiyo tuliyoihangaikia. Lakini pasi iwayo yote haina uzuri wake peke yake. Uzuri wake hutegemea mlinzi amesimama wapi. Mlinzi akiwa nyuma ya mfungaji, nafasi iko mbele, nao mpira uletwe mbele, kifuani au juu kidogo. Mlinzi akijipenyeza mbele, nafasi imehamia nyuma, upande wa mstari wa mwisho, nao mpira upite juu ya vidole vya mlinzi ushuke nyuma yake. Mlinzi akiwa ubavuni, mpira uende ubavu wa pili. Na mfungaji akiwa anakimbia, kumrushia pale alipo ni kurushia kivuli. Sharti apelekewe mahali anapokwenda. Ni nani ajuaye anapokwenda? Ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo hapana budi aseme, na kwa kuwa sauti husikiwa na adui pia, ni afadhali aseme kwa mkono.

Hapo tulikwama. Mfungaji wetu alirudi mazoezini, lakini hakuinua mkono. Alisimama mahali pema, akamzuia mlinzi kwa mgongo wake vizuri kabisa, mikono ikining'inia. Nilimwambia mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, hata siku moja tukibaki peke yetu akaniambia, "Mwalimu, nikiinua mkono naona kama naomba."

Nilimwambia kwamba fundi wa juu ya jukwaa haombi matofali. Yeye ndiye anayejua ukuta umefika wapi. Alilifikiria neno lile, wala sidhani lilimtosha. Kilichomtosha kilikuwa kingine. Mwezi wa Julai na Agosti mwaka ule mashindano ya dunia ya netiboli yalichezwa Cape Town, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika barani Afrika, na jirani zetu wa Uganda walimaliza katika nafasi ya 5. Niliwaonyesha wasichana vipande vya michezo yao katika simu yangu, vichwa 9 vimegongana juu ya kioo kidogo. Mfungaji wa Uganda, Mary Cholhok, ni mrefu mno. Husimama karibu na nguzo, mlinzi nyuma yake, mkono juu, na mipira humjia huko juu ambako hakuna mwingine awezaye kufika. Mtoto wetu alitazama bila ya kupepesa. Hakusema, "Ni mrefu kama mimi," kama nilivyotazamia. Alisema, "Haoni haya." Kesho yake aliinua mkono: si sana, kiasi cha sikio. Wiki ya pili ulifika juu ya kichwa.

Ndipo nilipoanzisha mazoezi ya kimya. Kwa robo saa hakuna aliyeruhusiwa kuita jina, wala kupiga kofi, wala kusema "Hapa!" Uwanja ulinyamaza hata ukasikia upepo katika mwarobaini na vishindo vya miguu. Mpira ulikwenda kwa mkono ulioonekana, na usipoonekana mkono, haukwenda. Winga wetu aliteseka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na tabia niliyoijua vizuri, maana ilikuwa yangu: humkodolea macho yule anayetaka kumrushia, na mlinzi mwenye akili huyasoma macho yale kama ubao darasani. Nilimfundisha kuuona mkono mara moja, kisha kumtazama mfungaji wa pili, kisha kurusha kwa kumbukumbu. Alikosea kwa wiki 2. Mipira ilianguka mahali pasipo na mtu, wenzake wakamcheka, naye akajua ladha ya kuchekwa. Jina la Chujio lilikufa wakati ule, sikumbuki siku gani. Hakuna aliyelizika, liliachwa tu.

Sitakudanganya kwamba tulikuwa mabingwa. Kitanzi kilikatika, tukakifunga tena. Mwiba ulitoboa mpira, tukangoja siku 8 kupata mwingine. Lakini nilipoketi tena na daftari langu, robo moja ya mchezo, niliandika mipira 13 iliyovuka mstari, na 9 kati yake ilifika palipoombwa.

Katika muhula wa tatu ile shule ya jirani ilikuja tena. Nyanya alikuwapo, ameketi kwenye kigogo, kikapu mapajani. Upepo ulikuwa mkali na tulipokezana kuongoza mchezo mzima. Zikiwa zimebaki dakika chache tulikuwa sawasawa, kisha wao wakafunga, wakawa mbele kwa bao 1. Mpira ukaanzishwa katikati, ukapita mikono miwili, ukamfikia winga wetu akitua ukingoni mwa nusu duara. Mlinzi wake aliinua mikono mbele yake. Ndani, mfungaji wetu alikuwa amezibwa kwa mbele na mlinzi wake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyoshwa nyuma, upande wa mstari wa mwisho, vidole vimefunguka. Winga alimtazama yule mwingine. Kisha mpira ukapanda, ukapita juu ya mlinzi wa kwanza, ukapita juu ya vidole vya wa pili, ukapunguza mwendo, ukashuka katika mkono ule bila ya sauti.

Aligeuka, akaitazama pete, akarusha. Mpira uligonga ukingo, ukazunguka pete nzima kama unaochagua, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Winga alimkimbilia, uso umeiva. "Pole, dada. Ni mimi. Nimeuleta nyuma mno."

"La," akasema mfungaji, bado akiitazama pete. "Umenifika hapa hapa." Akaonyesha kiganja. "Huu nimeukosa mimi."

Alisema hivyo akacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia kwake hata siku moja. Wageni walipokwisha kuondoka alinijia akaniomba mpira. Walibaki wawili uwanjani, yule mdogo nyuma ya mstari wa nusu duara akirusha, yule mrefu akidaka na kufunga na kukosa na kufunga, na nyanya akiwangoja kwenye kigogo. Jua lilikuwa limekwisha gusa mashamba ya mkonge waliponirudishia.